Kitabu cha Nyayo za Kaa

Anza juu kabisa ya ukurasa, Anifa. Usiache nafasi hapo juu, hata ya upana wa kidole, wala usiniambie kwamba shuleni mmefundishwa kuacha. Ukurasa wangu uanzie pale karatasi inapoanzia. Sababu yake utaiandika wewe mwenyewe kabla hatujamaliza.

Zainabo amezikwa Jumatano. Habari hiyo niliipata kutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti, kama anavyoipata mpita njia, ilhali kati ya mlango wake na wangu pana nyumba tatu tu katika mitaa hii iliyonyooka tuliyojengewa. Hakuna aliyekuja kunibishia hodi. Asiyejua desturi yetu ataona ni jambo dogo. Kule Mikadini, kijiji chetu cha zamani kilichokuwa kati ya Palma na Kionga, mimi ndiye niliyekuwa mwalishi. Ikiwa ni harusi, ikiwa ni maulidi, ikiwa ni arobaini ya marehemu, ni mimi niliyejifunga leso mbili zilizofukizwa udi, nikapita nyumba kwa nyumba, nikasimama kizingitini na kusema, "Nimetumwa na fulani, mnatakiwa." Mwenye nyumba akajibu, "Tumepokea." Neno hilo likishatoka halirudi mdomoni. Aliyelisema atakuja. Akiwa mgonjwa atamtuma mwanawe, na akiwa amegombana na mwenye shughuli atakuja vilevile, akae pembeni, ale, aondoke. Hatukuwa na karatasi za mwaliko. Mwaliko ulikuwa ni miguu yangu na mdomo wangu. Sasa pima mwenyewe, mjukuu wangu, ni jambo gani linaloweza kumfikisha mwalishi mahali pa kuupata msiba wa shoga yake kwa kipaza sauti.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Hayo unayajua, na usiyoyajua hayakuhusu. Watu wengine husimulia mwaka mmoja wa ujana wao. Mwaka wangu mimi ulinikuta nimekwisha ota mvi za kwanza, nikidhani kwamba lililokuwa la kunifunza limekwisha nifunza. Ni mwaka ule ambao helikopta zilianza kupita juu ya minazi yetu asubuhi na jioni, na redio ikasema kwamba chini ya bahari ile tuliyokuwa tukivua changu na tasi kuna gesi ambayo dunia nzima inaitaka. Palma ikajaa wageni. Vyumba vya kulala havikupatikana, na jamaa mmoja alilipaka chokaa banda lake la mbuzi akaliita nyumba ya wageni, na mgeni akapatikana, akalala, akashukuru. Hata huku kwetu Mikadini, mwendo wa saa moja kwa pikipiki, serikali ilileta watu wake. Mmoja wao alikuwa Dona Odete, mwanamke wa kusini ya mbali, aliyehamishiwa katika ofisi ya utawala. Alipanga nyumba yangu ya mbele, yenye vyumba viwili na baraza ya saruji, na mimi nikabaki na nyumba ya uani.

Alikuja na sanduku moja la nguo na makasha matatu mazito. Nilidhani ni vyombo vya kupikia, nikamwambia kwamba hata akiwa na sufuria kumi, jiko ni moja. Alipoyafungua nikaona karatasi. Zilikuwa karatasi za kila namna: nyeupe, za rangi ya maziwa, ngumu kama gamba, nyepesi kama ngozi ya kitunguu. Chumba cha kwanza hakukiwekea kitanda. Alikiwekea meza ndefu, mikasi mitano iliyopangwa kwa ukubwa, gundi, rula ya chuma, na kamba iliyovuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta, ambayo juu yake alizianika kadi alizozitengeneza kwa vibanio vya nguo. Aliporudi kazini hakupumzika kama watu wengine wanavyopumzika. Aliketi mezani, akakata, akakunja, akabandika. Alitengeneza kadi ambayo ukiifungua nyumba ndogo ya karatasi inasimama ndani yake. Alitengeneza bahasha ambazo ndani zina nakshi na nje ni tupu, kwa hiyo uzuri wake anauona yule tu aliyeandikiwa. Hilo lilinipendeza mno. Nilijisemea kwamba mtu anayeficha uzuri ndani ni mtu wa adabu. Tazama jinsi nilivyokuwa mjinga.

Siku moja nilikuwa nimemaliza kumchora bi harusi piko, nikatoka uani na kijiti changu cha chelewa bado ki mkononi, na bi harusi nyuma yangu ameinua mikono juu ili ikauke. Dona Odete alisimama. Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea wakati huo, lakini kilikuwa kinatembea.

"Bi Atija, nakshi hii umeiona wapi?"

"Sijaiona popote. Ni nyayo za kaa."

"Kaa gani?"

"Kaa wa mchangani. Akikimbilia shimo lake hupita hivi, kisha hivi. Bi mkubwa aliyenifundisha alizitazama ufukweni maji yakiwa yamepwa, akazileta mkononi mwa mtu. Hapa Mikadini hazichorwi na mkono mwingine ila wangu."

"Unaweza kuzichora kwenye karatasi?"

Nikamwuliza, "Karatasi itaolewa na nani?"

Alicheka hata akashika nguzo ya baraza. Zainabo, aliyekuwa akimsubiri bi harusi amsindikize, akadakia, "Atija, mchoree tu. Huenda karatasi ikapata mume mapema kuliko yeye." Nami nikacheka, na Dona Odete alipofafanuliwa akacheka kwa mara ya pili, na hivyo ndivyo tulivyokuwa watatu.

Ni lazima nimweleze Zainabo, kwa sababu walioko sasa wanamkumbuka akiwa mwanamke mkimya. Hakuwa mkimya. Tulichezwa unyago mwaka mmoja, tukafichwa ndani ya chumba kimoja, na tangu hapo hakuna aliloogopa kuniambia. Alikuwa mjane, na minazi aliyoachiwa na mama yake ilianzia nyuma ya choo chake ikashuka hadi kwenye mkondo wa maji ya chumvi. Aliijua mmoja mmoja. Kulikuwa na uliopinda alioupa jina la Mwinyi, kwa sababu alisema unalala na hauna kazi. Mafuta ya nazi yaliyopakwa vichwani mwa watoto wetu wote yalitoka mikononi mwake. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini asingekusema nyuma yako. Angekungoja ufike.

Piko iligoma kwenye karatasi. Hina nayo ilifanya doa la kahawia kama chai iliyomwagika, kisha ikafifia. Dona Odete alitaka kuagiza wino kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, nami nikakataa, kwa kuwa nakshi yangu haitavaa nguo ya kuazima. Nilichoma vifuu vya nazi za Zainabo hadi vikawa makaa, nikavisaga vikawa kama wanja, nikavichanganya na utomvu wa mkorosho ulioyeyushwa kwa maji ya moto. Ukatoka wino mweusi usiotoka kwa maji wala kwa jua. Kwa wekundu nilichemsha magome ya mkoko. Ilinibidi nijifunze upya ilhali mkono wangu ulikuwa umezoea miaka mingi, maana ngozi ya mtu inapumua na kukusaidia, lakini karatasi ukiikosea mara moja haisahau. Dona Odete alinionyesha namna ya kugawa ukurasa, pambizo iwe pana kiasi gani, na mahali pa kuacha weupe ili jicho lipumzike. Mimi nilimwonyesha namna ya kuuzungusha mstari bila kuinua kijiti. Wageni wa kambi ya gesi walipoziona kadi zile walizitaka. Alinipa haki yangu ya kazi kila mara, na upande huo sina la kulalamika. Nalisema ili ijulikane kwamba sikusalitiwa na mtu mwizi. Mwizi ningemtambua.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, hakukuwa na mikasi. Tuliketi barazani, na kazi ya vinywaji ilikuwa yangu. Nililoweka ukwaju tangu asubuhi, nikauchuja kwa kitambaa, nikautia tangawizi iliyopondwa, sukari, na maji yaliyochemshwa kwa mchaichai yakapoa. Msimu wa mabibo nilikamua mabibo, nikayachuja mara tatu ili yasikwaruze koo, nikayakatia ndimu. Kukiwa na joto kali, nilipasua madafu ya Zainabo, nikayamimina kwenye mtungi pamoja na vipande vya ndimu na majani machache ya mrehani, na hicho ndicho walichokipenda kuliko vyote. Dona Odete alikuwa na chupa yake. Nilimwambia tangu wiki ya kwanza kwamba chupa hiyo haivuki kizingiti changu wala haigusi mtungi wangu, akakubali bila kununa. Akawa na bilauri yake ya peke yake, yenye mstari wa buluu. Nilimjazia nusu, naye akaondoka hadi pembe ya baraza, akatupa mgongo, akajitilia cha kwake, akakoroga kwa kijiti, kisha akarudi kuketi. Hakuwahi hata mara moja kumimina mbele ya macho yangu. Niliona ni heshima kubwa. Zainabo alikuwa akimwambia, "Dona, geuka tu. Mwenyezi Mungu anakuona mbele na nyuma, sisi ndio tunaoona mgongo." Tukacheka. Ningeyatafakari maneno hayo siku hiyo, nisingekuwa na kitabu cha kusimulia.

Mwaka ulipokuwa umepita nusu, wenye mamlaka walianza kuitisha mikutano. Ilisemekana kwamba ardhi ya Mikadini inatakiwa kwa majengo ya gesi, na kwamba sharti watu waulizwe kwanza na waweke alama zao wenyewe. Mara ya kwanza walikwenda wazee wanne, wakasikiliza, wakakataa kuweka alama, wakarudi. Mara ya pili hakwenda mtu. Jumamosi moja nilikuwa jikoni nakamua ukwaju, na barazani walikuwapo wanaume wawili wa ofisini, wenye viatu vinavyong'aa, waliokuja kumtembelea Dona. Walizungumza Kireno, lakini Kireno cha sokoni ninakifahamu, na ukuta wangu wa udongo haukuwahi kuzuia neno.

"Mkutano wa mwisho amekuja mbuzi," mmoja alisema. "Mbuzi na mwenyekiti wa kijiji."

"Wanaita kwa tangazo," Dona Odete akajibu. "Watu hawa hawaji kwa tangazo. Wanakuja wakiitwa na mtu wao."

"Mtu wao ni nani?"

Hakutaja jina. Nilisikia kiti kikilia, nikajua amegeuka kuutazama mlango wa jiko. Andika hili kama ninavyolisema, Anifa: sikushtuka. Nilikunjua kitambaa nikakamua tena, na kifua kilinijaa furaha, kwa sababu mtu aliyesoma alikuwa amekiri mbele ya wenye viatu vinavyong'aa kwamba kijiji kizima kinakwenda kwa mdomo wangu. Nilitoka na mtungi, nikawajazia bilauri zao hadi ukingoni.

Juma lililofuata aliniambia kwamba anakaribia kutimiza mwaka kwetu, na kwamba angependa kuwashukuru watu wa Mikadini kwa wema wao. Alitaka Jumamosi moja ya mapumziko, bila hotuba, vinywaji vyangu na maandazi tu, na ngoma kidogo. Kila nyumba ipate kadi. Nikamwuliza kadi itaandikwa nini, kwa kuwa wengi hatusomi. Akasema, "Isiandikwe kitu. Nakshi yako ndiyo maandishi yao." Sijawahi kusifiwa namna ile. Kisha akanipa kitabu kikubwa chenye karatasi za rangi ya maziwa, alichokishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, akaniomba nichore pambizo katika kila ukurasa, ukurasa mmoja kwa kila nyumba. Chini, alisema, watu wataweka vidole vyao kama ukumbusho, ili siku akirudi kwao amwonyeshe mama yake. "Na hapa juu," akapima kwa rula, "niachie wazi, upana wa kiganja. Nitabandika picha ya kila familia." Nilichora siku kumi na tisa. Nyayo za kaa zilipanda upande wa kushoto, zikazunguka ile nafasi tupu, zikashuka kulia, zikakutana chini. Hakuna mchoro nilioufanya kwa uangalifu kama ule. Ile nafasi niliitengenezea ukingo wake kwa wekundu wa mkoko, ikapendeza kuliko sehemu nyingine zote.

Nilijifunga leso zangu, nikapita. Katika kila kizingiti nilisema, "Nimetumwa na Dona Odete, mpangaji wangu, mnatakiwa Jumamosi," nikakabidhi kadi. Watu waliipokea kwa mikono miwili. Mzee mmoja aliniuliza, "Si mambo ya mkutano, Atija?" Nikamjibu, "Mimi ni mwalishi wa mikutano tangu lini?" Akasema, "Tumepokea." Wote walisema.

Na wote walikuja. Niliwapasulia madafu tangu adhuhuri. Watoto walilowa sharubati hadi viwiko, wanawake waliimba, Dona Odete alicheza vibaya na akashangiliwa zaidi kwa kucheza vibaya. Wale wawili wa ofisini walikuwapo na kamera, wakawapiga watu picha kwa makundi, familia kwa familia. Kitabu kilikuwa juu ya ile meza ndefu iliyotolewa nje, na kando yake kisahani chenye kitambaa kilicholowa wino. Wino ulikuwa wangu, wa vifuu. Watu walipanga mstari wakiwa na bilauri mkono wa kushoto, wakaweka kidole gumba cha mkono wa kulia, wakachekeana kwa weusi wa vidole.

Zainabo alipofika mezani hakuweka. Aliinama, akautazama ukurasa wake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona:

"Atija, mbona huku juu pako wazi?"

"Ni pa picha."

"Picha ikabandikwe kwanza. Mtu hatii kidole chini ya kitu kisichokuwapo."

Mmoja wa wale wawili alimtazama Dona Odete, na Dona Odete akanitazama mimi. Nami nikasema, mbele ya kijiji kizima: "Zainabo, haya ni mambo ya sanaa, wewe umezoea kufua nazi. Weka kidole, usiniaibishe mbele ya wageni wangu."

Akaniangalia. Akaweka kidole. Aliondoka pale mezani bila kunywa, bilauri yake ikabaki pembeni ya kitabu, nzi wakaingia.

Mwezi ulipoandama na kuisha tuliitwa ofisini, safari hii kwa barua yenye mhuri, na watu walikwenda kwa kuwa iliandikwa kwamba ni habari ya makubaliano yao. Wakauliza, makubaliano yapi? Kitabu changu kilikuwa juu ya meza. Nilikitambua kwa ule uzi mwekundu kabla hakijafunguliwa. Picha zilikuwa zimebandikwa kweli, lakini nyuma, mwisho wa kitabu. Ile nafasi ya upana wa kiganja ilikuwa imejazwa maandishi ya mashine, kila ukurasa maneno yaleyale. Mwalimu Momade, aliyekuwa akiwafundisha watoto wetu, aliomba ayasome, akaruhusiwa, akayasoma kwa Kireno kisha kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ikipungua kadiri alivyoendelea: kwamba watu wa nyumba hii wameshauriwa, wameelewa, wamekubali kwa hiari yao kuhama, na wamekubali minazi yao ikatwe. Nilingoja watu wapige kelele. Hawakupiga. Zainabo hakukitazama kitabu wala hakumtazama Mwalimu Momade. Alinitazama mimi, kisha mmoja baada ya mwingine wakageuza nyuso kunitazama, kama wanavyogeuka msikitini wakati wa salamu. Mzee yule aliyeniuliza kizingitini alisema neno moja tu. Alisema, "Tumepokea." Akatoka nje.

Nilikwenda moja kwa moja hadi barazani kwangu. Dona Odete alikuwa nyumbani. Kamba ilikuwa imeshushwa, mikasi imefungwa ndani ya gazeti, makasha matatu yamekazwa kwa kamba. Alikuwa amehamishwa, kwa kupandishwa, na gari lingemchukua kesho yake. Chupa ilikuwa mezani, na ile bilauri ya mstari wa buluu.

"Umeandika nini juu ya nakshi yangu?" nikamwuliza.

"Keti, Bi Atija."

"Nyumba ni yangu. Nitaketi nikitaka."

Alisema, "Wangewahamisha tu. Unaelewa? Pamoja na kitabu au bila kitabu. Wangekuja na karatasi mbaya, na askari pembeni. Mimi nilitaka jambo hili liishe kwa upole. Walicheka siku ile. Uliwaona walivyocheka."

"Niliwaona. Mimi ndiye niliyewapa cha kunywa."

"Niliamriwa nipate vidole. Sikuamriwa nitengeneze kitu kizuri. Uzuri niliuongeza mimi, kwa ajili yenu."

Nikamwambia, "Mwaka mzima umekaa kwangu. Ungesema, 'Bi Atija, kitabu hiki ni cha kuhama,' ningekukatalia, na tungebaki tunaamkiana."

"Ndiyo maana sikusema," akajibu, na machozi yalikuwa yakimtoka. Siyakatai machozi yake, yalikuwa ya kweli. Kisha akavuta bilauri, akafungua chupa, akajimiminia pale pale mbele yangu, akiwa amenielekea uso kwa uso, na hakujigeuza. Ndipo nilipojua kwamba baina yetu hakuna tena kilichobaki cha kustahiwa. Nilichukua mtungi wangu nikaondoka. Asubuhi gari lilipokuja sikutoka uani. Aliacha ufunguo kizingitini, ndani ya bahasha yenye nakshi kwa ndani. Niliichoma jikoni pamoja na ufunguo, ufunguo haukuungua, nikaufukua kwenye majivu.

Minazi ilikatwa kwa mashine, mkondo mzima, siku mbili. Ule uliopinda, Mwinyi, ulichukua muda kuliko mingine kwa sababu haukuwa na upande wa kuangukia. Zainabo alisimama hadi ulipoanguka, kisha akaingia ndani. Tukahamishiwa huku. Hakunitukana. Ningependa angenitukana, mdomo ule ulikuwa na uwezo. Ulifungwa tu, si kwangu peke yangu, kwa watu wote, na wanawe wakakua wakiamini kwamba mama yao aliumbwa hivyo. Harusi zilikuja, na mwalishi mwingine akachaguliwa, msichana wa watu, asiyejua hata kufukiza leso. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi imekwisha. Niliwahi kutumwa mara moja, na nyumba ya kwanza waliniuliza, "Umeandikwa nini mwaliko huo?" Nikageuka, nikarudi nyumbani, nikazivua leso. Zilipokuja siku za kukimbia vita, ambazo sitazisimulia hapa kwa kuwa zina kitabu chake, mimi na Zainabo tulijikuta chini ya kivuli kimoja na kikombe kimoja cha maji. Alikunywa nusu, akakiweka chini baina yetu. Hakunipa mkononi. Nilikiokota, nikanywa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu tangu mwaka ule hadi Jumatano.

Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba nilisalitiwa, na ni kweli, nilisalitiwa. Lakini Dona Odete alimdanganya mtu mmoja tu. Wengine niliwafikia mimi, nyumba kwa nyumba, kwa leso za udi.

Sasa nisomee yote, tangu juu.

Umenisomea, na ninataka na hili liandikwe. Asiyejua kusoma hana pa kuyaweka maneno ila kichwani, kwa hiyo huyaweka vizuri. Ulipofika pale Zainabo aliposema mtu hatii kidole chini ya kitu kisichokuwapo, uliruka ukaenda kwenye kidole. Nikakuambia, "Rudi." Ukasema, "Wapi, bibi?" Nikasema, "Pale nilipomjibu." Ndipo ukakiri kwamba uliyaandika ukayafuta, kwa kuwa wana wa Bi Zainabo wakiyasikia watanichukia zaidi.

"Nani aliyekuomba unipambe?" nikakuuliza.

"Nilitaka kukusitiri, bibi."

"Dona Odete naye alitaka iishe kwa upole. Yarudishe."

Umeyarudisha, na yako mahali pake. Usilie juu ya karatasi.

Kesho, baada ya alasiri, utajifunga leso zangu mbili. Nimezifukiza tangu asubuhi. Utapita nyumba tatu, usimame kizingitini kwa wana wa Zainabo, na utasema, "Nimetumwa na Atija." Usiseme "mnatakiwa," kwa maana hatuwaiti popote. Wakikukaribisha, wasomee yote, pamoja na uliyotaka kuyafuta. Usiwaombe msamaha kwa niaba yangu. Wajue tu kwamba mama yao aliuliza, na kwamba aliyemnyamazisha ana jina. Wakisema wamepokea, njoo uniambie. Wasiposema, rudi na karatasi zako, tule chakula chetu.

Niletee kile kisahani. Wino huu ni wa vifuu vya kununua, haufanani na ule, lakini utashika. Neno la mwisho liko wapi? Shika mkono wangu ukanionyeshe. Kidole kiguse herufi zenyewe, pasibaki upana wa unywele kati yake na maneno.

Hapa?

Basi hapa.